Sanda Aliyoileta Kapteni

Siku ya tatu baada ya kumzika Baba, nyumba ikiwa bado imejaa viti vya kukodi na sufuria za majirani, wajukuu walijifungia sebuleni wakawasha televisheni. Sikuwalaumu. Matanga yanachosha, na wao walikuwa wameosha vyombo wiki nzima. Nilikaa nao kwa sababu miguu ilikuwa imekataa kunipeleka mahali pengine. Viganja vyangu vilikuwa bado vinanuka bafta ya siku nyingi, ile harufu ya wanga na vidonge vya nondo vya sandukuni, ingawa nilikuwa nimenawa mara sijui ngapi.

Walikuwa wakitazama tamthilia ya mahakama ya kijeshi. Mbaya wa hadithi alikuwa afisa mwenye kovu shavuni na sauti ya kutisha. Aliwatukana mashahidi, akagonga meza, akamtolea macho wakili. Kisha wakili kijana akamwonyesha kifungo kimoja cha koti, kitu kidogo tu, na papo hapo yule mbabe akaanza kutetemeka, akakiri yote mbele ya watu, akapelekwa nje huku muziki ukilia.

Mjukuu wangu Mghoi, anayesomea sheria, alisimamisha picha.

"Nyanya, wewe ulikulia Garissa wakati wa vita vya shifta. Mliishi na wanajeshi mlango kwa mlango. Hebu tuamulie. Mtu kama huyu anaweza kukiri hivi?"

"Anaweza," binamu yake akadakia. "Ukweli ukishasemwa mbele yake anaenda wapi?"

Wote wakanigeukia. Nilisema, "Huyo anapiga kelele mno," nikajikokota kwenda kulala. Najua lilikuwa jibu la kizembe. Jibu lenyewe ni refu, na jioni ile sikuwa na pumzi ya kulitoa. Sasa nalitoa hapa, hasa kwa ninyi wa rika langu, ambao hamhitaji kuelezwa jinsi mzazi alivyokuwa akisema "nenda nje ukacheze" na wewe ukaenda, bila kuuliza kwa nini uso wake umebadilika.

Baba alikuwa karani katika ofisi ya wilaya. Alitoka Taita kwenye ukungu na migomba, serikali ikamtupa Garissa kwenye jua ambalo Mama alidai lina kinyongo naye binafsi. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili, bati juu, na saa saba mchana tulikuwa tukilala sakafuni kwa sababu kitandani godoro lilikuwa la moto. Vita vya serikali na shifta, wale waasi wa Kisomali, vilikuwa huko nje, porini, lakini vilituingilia kwa njia za kila siku: chumvi ilipungua, barua zilikawia, jioni ikifika milango ilifungwa kwa amri. Barabarani kulikuwa na mabomu yaliyofukiwa, kwa hiyo hakuna aliyesafiri ila katika msafara wa jeshi. Na nafasi katika msafara ilitolewa na mtu mmoja, Kapteni.

Nafasi ile Mama aliihitaji kuliko chumvi. Alikuwa na mimba. Mbili kabla ya hiyo ziliharibika palepale Garissa, moja nikiwa na miaka mitano, nyingine nikiwa na saba, na mganga wa hospitali alikuwa amemwambia Baba wazi kwamba huyu wa tatu akazaliwe Thika, la sivyo asiahidi kitu. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nilijua kwamba kuna mtoto tumboni na kwamba kuna lori litakalomwokoa, basi.

Kapteni nilimpenda. Naliandika hili hivihivi lilivyo, kwa sababu nimeshazeeka mno kujipamba. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye vidole virefu, na akiingia kwetu alivua kofia mlangoni. Alimwita Mama "dada". Redio yetu ilipokufa aliifungua mezani, akaitengeneza kwa kisu kidogo, huku akinieleza kila waya unafanya nini. Alimletea Mama machungwa na maziwa ya kopo. Kila alipoondoka alisema, "Dada asijali, msafara ukipatikana, wa kwanza kupanda ni yeye."

Niliyemwogopa alikuwa Sajini wake. Macho mekundu, meno yaliyopishana, na mdomo usiojua kusema pole pole. Alikuwa akimkaripia kila mtu, hata mbuzi. Nikimwona anakuja nilivuka upande wa pili wa njia, na katika hesabu yangu ya kitoto mambo yalikuwa yamenyooka: mbaya ni Sajini, mwema ni Kapteni. Ningetunga tamthilia, ningempa Sajini lile kovu.

Maziwa yetu ya kila siku yaliletwa na Habiba. Alikaa ng'ambo ya uwanja wa ndege, katika kile kijiji ambako serikali ilikuwa imewakusanya wafugaji ili iwaone wote kwa pamoja. Alibeba maziwa ya ngamia katika chombo cha kusuka kilichofukizwa moshi, na maziwa yalikuwa na ladha ya ule moshi. Mama aliyavumilia, mimi niliyapenda. Habiba aliniita hoyo, kama wanavyoitwa watoto kwao, na alikuwa na mazoea ya kunipima kimo kwa kiganja kwenye mbavu zake.

"Hoyo, wewe nakula nini? Jana iko hapa. Leo iko hapa!"

Mume wake Hassan alikuwa mchungaji, mtu mrefu asiyependa mji. Alikuwa na kibali cha kuwatoa ngamia kwenda kunywa maji kwenye lambo, asubuhi hadi adhuhuri. Ngamia wale walikuwa ndio nyumba yao, ndio shamba lao, ndio akiba yao ya kila kitu.

Asubuhi moja tulisikia risasi mbali, kavu, mbili halafu moja. Kwa watoto wa Garissa risasi zilikuwa jambo la kawaida, tukaendelea kuruka kamba. Adhuhuri Baba alirudi kutoka kazini mapema, akanywa maji vikombe viwili akiwa amesimama, akamwambia Mama kwamba Hassan ameuawa lamboni. Kapteni mwenyewe ndiye aliyekuwa amewaongoza askari. Ripoti ilisema Hassan alikuwa shifta na alikuwa na bunduki. Ngamia walikuwa wamekamatwa, wamefungiwa kambini.

"Bunduki?" Mama aliuliza. "Hassan?"

"Ripoti ndivyo inavyosema," Baba akajibu.

Muda si muda gari la Kapteni likasimama nje. Alivua kofia. Alisema mwili wa marehemu uko tayari kurudishwa, anataka kuupeleka mwenyewe kwa heshima, na anamwomba Baba amsindikize kwa kuwa Baba alikisema Kisomali na watu walimwamini. Kisha akaniangalia.

"Na binti aje. Wakimwona mtoto hawataingiwa na hofu."

Nilivaa viatu mbio mbio. Mungu anisamehe, nilifurahi. Niliketi mbele kati yao wawili, goti langu likigusa ile fimbo ya gia, na nyuma, chini ya turubai, alikuwa Hassan. Sikuwaza sana juu ya Hassan. Niliwaza jinsi watoto wenzangu watakavyoniona.

Njiani Kapteni aliuliza, kwa sauti yake ileile ya kutengenezea redio, "Karani, watu hawa wakifiwa hupelekewa nini?"

Baba alimweleza. Sukari na majani ya chai mtu yeyote anaweza kupeleka. Ni jirani mwema, ni rafiki, ni mpita njia. Lakini mtu akiuawa, sanda na mnyama wa mazishi hutolewa na yule aliyeua, au ukoo wake. Ndilo neno la kwanza. Akileta sanda amekiri, na wenye msiba wakiipokea wanatulia. Hawaendi kutafuta ushahidi tena, hawalipizi, wanangoja wazee wakae waseme fidia.

"Anayeleta sanda amekiri," Kapteni akarudia.

"Ndiyo, afande."

"Hata asiposema kitu?"

"Hahitaji kusema kitu."

Kapteni akaitikia kwa kichwa, akaendesha kidogo, kisha akakata kona kurudi sokoni. Alisimama kwenye duka la vitambaa, akaingia, akatoka na furushi la bafta nyeupe kwenye karatasi. Aliniwekea mapajani nilishike. Nakumbuka uzito wake na ile harufu ya wanga. Kondoo dume alinunuliwa kwenye kona ya soko la mifugo akatupwa nyuma. Baba alikuwa ameanza kusema kitu, akanyamaza, akatazama dirishani safari nzima iliyobaki. Nadhani alikuwa anashukuru. Nadhani alimwona mtu mwenye ujasiri wa kukiri kwa njia ya watu aliowakosea, na akamheshimu.

Kijijini wanawake walikuwa wamekwisha kusikia. Habiba alikuwa ameketi chini mbele ya kibanda chake cha matawi na mikeka, mikono imelala mapajani viganja juu. Kaka yake Hassan, Mzee Abdi, mtu wa hasira na ndevu za hina, alikuwa amesimama mlangoni na fimbo. Kapteni akavua kofia. Akachukua furushi kutoka kwangu, akaliweka kwa mikono miwili mbele ya Mzee Abdi, akarudi nyuma hatua moja akainamisha kichwa. Hakusema neno.

Mzee Abdi aliitazama ile bafta kwa muda mrefu. Kisha mabega yake yakashuka. Akaipokea. Nyuma yake wanaume waliokuwa wamejikusanya wakaanza kupumua tena, na kilio cha wanawake kikapata njia. Vijana wawili waliokuwa na Hassan lamboni walikuwapo pale, mmoja na damu ya ngamia kwenye shuka lake. Niliwaona kwa macho yangu. Baada ya mazishi vijana wale walichukua mbuzi wakaondoka kuelekea malisho ya mbali ya Modogashe, maana neno lilikuwa limekwisha kusemwa na mbuzi hawangoji.

Mimi nilirudi nyumbani nikamwambia Mama kwamba Kapteni ni mtu mzuri kuliko watu wote Garissa.

Yangeishia pale kama si Sajini. Yule mwenye macho mekundu ndiye aliyepeleka habari kwa wakubwa kwamba hapakuwa na bunduki. Hilo nililijua baadaye sana, Baba alipomwambia Mama kwa sauti ya chini wakidhani nimelala. Wakati ule nilichojua ni kwamba ndege ndogo ilileta maafisa watatu kutoka Nairobi, wakiongozwa na Meja mnene aliyekuwa akijipepea kwa faili, na darasa letu la tatu likafungwa ili wafanyie humo uchunguzi wao. Kama wangeamua kwamba Hassan alikuwa shifta, ngamia wasingerudi kamwe. Kama wangeamua kwamba hakuwa, Habiba angerudishiwa ngamia wake, na Kapteni angejibu mashtaka. Hilo kila mtu mjini alilielewa, hata sisi watoto.

Baba ndiye aliyewekwa kuandika kumbukumbu. Na mimi niliitwa kuwa shahidi.

Kapteni ndiye aliyenitaja. Aliwaambia kwamba hata binti wa karani alikuwapo siku ile, aulizwe kama aliona hasira yoyote au vitisho. Mama akanivisha gauni la kanisani, akanisuka upya. Wiki ile Kapteni alikuwa amepita nyumbani kusema msafara utaondoka Ijumaa, na kwamba jina la dada liko juu kabisa kwenye orodha. Hakuongeza lolote. Alileta machungwa.

Niliulizwa swali moja. "Kapteni alipofika kwa marehemu, alikuwa mkali?"

"Hapana. Alivua kofia."

Meja akacheka, akaniambia nikae. Kwa kuwa lilikuwa darasa langu, nilikwenda kukaa kwenye dawati langu mwenyewe, la pili kutoka mbele, lile lenye shimo la wino lililojaa makaratasi. Hakuna aliyenikataza. Habiba alikuwa ameketi kwenye benchi la nyuma, amejifunika hadi kidevuni, ametulia kabisa. Alinipungia vidole viwili. Alikuja pale bila wasiwasi, kama mtu anayekuja kuchukua kilicho chake.

Mzee Abdi aliitwa. Meja akamuuliza ana mashahidi gani wa kusema kwamba marehemu hakuwa na silaha.

"Shahidi ya nini?" Mzee Abdi akashangaa kwelikweli. "Yeye naleta kafan, sanda. Bele ya watu yote. Mkono yake mwenyewe nasema."

"Nauliza mashahidi, mzee. Waliokuwa lamboni."

"Wallahi, mtu nakubali kosa, wewe bado nataka shahidi? Fijana naenda na mbuzi, kwa sababu maneno nakwisha! Huyu namaliza maneno!" Na akaanza kupaza sauti, akigonga fimbo sakafuni, mate yakimruka, hadi askari wawili wakamsogelea. Nilimwogopa. Nilimwona mzee mkorofi anayemfokea mtu mpole, nikamkasirikia kwa niaba ya Kapteni.

Kapteni aliomba ruhusa ya kusema. Alisimama, kofia kwapani.

"Ni kweli nilipeleka kitambaa, afande, na kondoo. Nilifanya hivyo kwa ubinadamu. Hata adui akifa ni mtoto wa mtu. Mila za watu hawa bado sijazijua, nina miezi michache hapa. Kama nimewapotosha bila kukusudia, naomba radhi kwa familia."

Akageuka akamwinamia Habiba. Yule mama alikuwa bado hajaelewa. Alimwitikia kwa kichwa.

Meja alijipepea, kisha akasema, "Karani, wewe ulikuwa naye. Kapteni alijua maana ya kitambaa kile kwa watu hawa?"

Kalamu ya Baba ilisimama. Najaribu hata leo kukumbuka uso wake, nakumbuka shingo tu, kwa sababu alikuwa amenipa mgongo: shingo na kola yenye jasho. Nzi alitembea kwenye kola ile kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kapteni hakumtazama Baba hata kidogo. Alikuwa akitazama ubaoni, ambako mwalimu alikuwa ameacha hesabu ya kugawanya.

"Sikumbuki, afande," Baba akasema.

Sasa mnisikilize vizuri, wajukuu, kama mtasoma hapa. Mimi niliamini kwamba Baba amesahau. Baba alikuwa msahaulifu, alisahau miwani kichwani kwake. Na mimi nilikuwa nakumbuka! Nilikuwa darasani kwangu, kwenye dawati langu, swali limeulizwa, na mimi najua jibu. Nikafanya alichonifundisha mwalimu. Nikanyoosha mkono juu kabisa, nikausindikiza na mwingine kwenye kwapa, nikasema, "Mimi! Mimi! Mimi nakumbuka!" Na kabla hawajanikubalia nikamsaidia Baba. "Baba, ulimwambia kwenye gari! Ulisema anayeleta sanda amekiri. Na yeye akauliza, hata asiposema kitu? Ndiyo tukarudi dukani!"

Ndivyo ukweli ulivyosemwa. Wote, mzima, kwa sauti ya kutosha, mbele ya maafisa watatu na mshtakiwa mwenyewe. Binamu yake Mghoi anauliza ukweli ukisemwa mtu mbaya anaenda wapi. Haendi popote. Kapteni alinigeukia akatabasamu, na lilikuwa tabasamu lilelile la siku ya redio, halikupungua upande wowote. Akasema, "Ana akili huyu mtoto. Karani, msomeshe."

Maafisa wakacheka kidogo. Meja akasema, "Mtoto ashushe mkono." Kisha akamgeukia Baba. "Andika: shahidi anasema hakumbuki."

Na Baba akaandika. Nilisikia nibu ikikwaruza karatasi. Maneno yangu hayakuandikwa, kwa sababu hakuambiwa ayaandike. Alipomaliza, mkono ulimtetemeka hivi kwamba aliangusha kidau cha wino, na wino ukamwagika mezani, ukashuka kwenye suruali yake, naye hakuufuta. Alikaa tu. Askari mmoja akaja na gazeti akampangusa.

Habiba alikuwa ameelewa, sasa. Alisimama, akamshika Mzee Abdi mkono, wakatoka.

Uamuzi ulisomwa siku iliyofuata. Marehemu alikuwa shifta. Ngamia wakauzwa kwa wachinjaji, na kwa majuma mawili hivi kambi nzima ilinuka nyama ya kuchoma.

Ijumaa Mama alipanda msafara. Kapteni mwenyewe alimshika kiwiko akampandisha mbele, karibu na dereva, akamwekea blanketi mgongoni. Alitimiza ahadi yake kama alivyosema. Yeye pia alikuwa akiondoka, amehamishwa, na gari lake lilipotupita alitoa mkono dirishani akatupungia. Nilimpungia. Baba alikuwa na mikono mfukoni. Ndugu yangu alizaliwa Thika, mzima, mwenye sauti. Leo ana wajukuu wake. Sijawahi kupata njia ya kulifikiria jambo hili hadi mwisho. Nikifika hapo huwa nachoka.

Maziwa hayakuja tena. Nilimuuliza Baba mara kadhaa mbona Habiba haji, na yeye akaniambia nikacheze nje. Kisha alasiri moja alirudi kutoka kazini na furushi la karatasi. Nililitambua kwa harufu kabla hajalifungua. Bafta. Nikarukaruka, nikidhani Mama ameandika kwamba nishonewe gauni.

"Vaa viatu," Baba akasema.

Tulitembea kwa miguu, kupita uwanja wa ndege, jua likitupiga usoni. Nilipotaka kulibeba furushi alinikatalia. Habiba alikuwa mbele ya kibanda akisuka mkeka, na vile vyombo vyake vya maziwa vilikuwa vimetundikwa vikavu, vimepinduliwa. Mzee Abdi alipotuona aliingia ndani.

Baba aliweka bafta chini, kwa mikono miwili. Akarudi nyuma hatua moja. Nikaona anachokifanya ni kile alichofanya Kapteni, na nikashangaa, kwa sababu aliyekufa alikuwa amekwisha kuzikwa, na Baba hakuwa amemuua mtu.

Habiba hakuigusa. Alimtazama Baba hata nikaanza kujikuna.

"Karani," akasema, "bibi yako nafika Thika?"

"Alifika."

"Mtoto?"

"Mvulana. Mzima."

"Alhamdulillahi," akasema, na nadhani alimaanisha. Alichukua kile kitambaa, akakikunjua, akakikunja mara mbili kupata katikati. Akatia jino pembeni, akapasua. Bafta mpya ikipasuka hutoa sauti kali, mbwa wa jirani akainuka. Nusu moja akaiweka mapajani mwake. Nusu nyingine akamnyooshea Baba.

"Chukua. Wewe habana ua mtu. Wewe nafunga mdomo. Hiyo nusu."

Baba akaipokea. Habiba akarudi kwenye mkeka wake. Wakati tunaondoka aliniita, nikamwendea, na kwa mazoea nikajisimamisha mbele yake anipime. Mkono wake ulinyanyuka kidogo, ukarudi kwenye usukaji.

"Nenda, hoyo. Baba yako nangoja."

Mwaka uliofuata tulihamishwa. Baba alifanya kazi Voi, Machakos, Nyeri, na mwisho akastaafu nyumbani Taita, na kila tulikohama sanduku lake la bati lilikuja, na chini kabisa ya sanduku, chini ya vyeti na picha ya harusi, ile nusu ya bafta ilikuwa imekunjwa na vidonge vya nondo. Hakuwahi kuitaja. Mara moja tu, nilipokuwa mtu mzima na nimempandishia sauti juu ya jambo jingine kabisa, aliniambia, "Wewe ulinyoosha mkono," akatoka nje.

Kwa hiyo, Mghoi, yule mbaya wenu wa televisheni simwamini. Si kwa sababu anakiri. Kapteni pia alikiri, tena kwa adabu, akiwa amevua kofia, mbele ya kijiji kizima, kwa sababu alikuwa amepiga hesabu akaona kukiri kule ndiko kutakakomwokoa. Nisiloliamini ni kutetemeka. Katika chumba kile nilimwona mtu mmoja tu akitetemeka, naye ndiye aliyekuwa ameshika kalamu.

Tulipokuwa tunamvalisha Baba kwa maziko, ndugu yangu, yule wa Thika, alifungua sanduku kutafuta tai akatoa kitambaa. Akauliza ni cha nini. Wazee wa kanisa walikuwa wanangoja nje, gari limewashwa, na mimi sikuwa na nguvu za kuanza kueleza. Nikamwambia ni cha Baba, alipewa. Tukamtandazia juu ya suti kabla ya kufunga jeneza, ndugu yangu akishika pembe mbili na mimi mbili. Tulianzia kifuani. Ile nusu ilimfika magotini.